Amana ya Anayehesabu Ndege

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Katika Suratun Naml, kuanzia aya ya 20, Qur'ani inatusimulia habari ya Nabii Sulaiman (A.S.) na ndege. Alipewa ufalme ambao hakupewa mwingine, jeshi lake likiwa la majini, watu na ndege, na pamoja na ukubwa wote huo akasimama kuwakagua ndege. Neno la Kiarabu lililotumika hapo ni tafaqqada. Mzizi wake ni ule ule wa neno la kukosa au kupotelewa na kitu. Kwa hiyo ukaguzi huu haukuwa wa mfalme anayepita mbele ya gwaride huku akipunga mkono. Alikuwa akitafuta nani hayupo. Akamkosa mmoja: hudihudi.

Wahadhiri wetu hupenda kupita hapa haraka ili wafike kwa Malkia wa Sabaa na kiti chake cha enzi. Mimi leo naomba tukae hapa hapa kwenye ukaguzi, kwa sababu wapo watu hadi leo ambao kazi yao ni kuwakagua ndege mmoja mmoja, na baadhi ya ndege hao wako njiani kuja kwetu Uganda. Namna wanavyohesabu inatuhusu sisi tunaoandika namba kila siku: namba za maabara, za hojaji, za mahudhurio, za mfuko wa jumuiya.

Twende kwanza Georgia, kwenye pwani ya mashariki ya Bahari Nyeusi, katika mji wa Batumi. Batumi ni mji mkuu wa jimbo la Adjara. Jimbo hilo lilikuwa chini ya Waturuki wa Uthmaniyya hadi mwaka 1878, na athari yake bado ipo: sensa ya 2014 ilionyesha kwamba karibu watu 40 katika kila 100 wa Adjara ni Waislamu, hasa katika vijiji vya milimani. Kwa hiyo anayepanda vilima vile hayuko mbali na sauti ya adhana.

Sasa tazama umbo la nchi. Magharibi ni bahari. Mashariki ni milima ya Kaukasi Ndogo. Katikati imebaki njia nyembamba. Ndege mbuai wakubwa, yaani mwewe, tai na jamaa zao, hawapendi kuvuka bahari kubwa, kwa kuwa safari yao ndefu haitegemei kupiga mbawa. Jua linapoipasha ardhi, hewa ya moto hupanda juu. Ndege hunyoosha mbawa, huzunguka ndani ya hewa hiyo kama anayepanda ngazi za mnara, na akifika juu hujiachia na kuteleza kilomita kadhaa hadi kwenye hewa nyingine inayopanda. Juu ya maji hewa hiyo haipatikani kwa namna ile. Basi ndege wa Urusi na wa nchi za Ulaya ya mashariki, Agosti hadi Oktoba, wakati majani ya miti ya huko yanapoanza kupukutika, hujikuta wengi wao wamebanwa katika ule upenyo wa Batumi.

Soma tena Suratul Mulk, aya ya 19, na Suratun Nahl, aya ya 79. Aya ya kwanza inataja ndege walio juu yetu wakikunjua mbawa na kuzikunja, na kwamba hakuna anayewashikilia ila Ar-Rahman. Ya pili inawataja wakiwa wametiishwa katika anga. Mwanafunzi wa fizikia atasema kinachowashikilia ni hewa ya moto. Amesema kweli, na hakupingana na aya. Hewa ile nayo ina Mwenyewe.

Mwaka 2008 ulianza mradi uitwao Batumi Raptor Count. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali hukaa katika vituo viwili vilimani, kijiji cha Sakhalvasho na kijiji cha Shuamta, tangu katikati ya Agosti hadi ndani ya Oktoba, kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni. Katika misimu mizuri huhesabu ndege mbuai zaidi ya milioni moja. Narudia: milioni moja, mmoja mmoja, kwa macho na darubini. Wanaotangulia kwa wingi, mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, ni aina ya mwewe ambaye Wazungu wamempa jina la asali, ingawa chakula chake hasa ni mabuu ya nyigu. Sisi tumwite mwewe mla nyigu. Baadaye, kuelekea Oktoba, huja shakivale, yule mwewe mnene wa nyika za Urusi, na tai wa aina kadhaa.

Mtu atauliza, milioni wanahesabikaje? Ndipo ilipo elimu yenyewe. Ndege wakiwa wanazunguka ndani ya hewa inayopanda, kundi huwa kama nzi juu ya jalala. Ukijaribu kuwahesabu hapo utamhesabu mmoja mara nne. Kwa hiyo mhesabuji husubiri. Wakifika juu hutoka kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama mahujaji wanaoshuka kwenye basi, na hapo ndipo wanapohesabiwa, wakivuka mstari wa kufikirika ambao kituo kimejiwekea. Asiyeuvuka mstari haandikwi, hata awe mzuri kiasi gani. Vituo viwili huwasiliana kwa redio ili ndege aliyeandikwa Sakhalvasho asiandikwe tena Shuamta. Wakizidi sana, huhesabiwa kwa watano watano au kumi kumi.

Kuna jambo moja katika daftari lao ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Kuna jamii ya mwewe wembamba wenye mbawa ndefu, na ndani ya jamii hiyo zipo aina mbili ambazo majike na vijana wao hufanana mno. Ndege anapopita mbali, mwanga ukiwa mbaya, hata mjuzi hawezi kuwatofautisha. Afanyeje? Daftari lina safu maalumu kwa ajili hiyo: mmoja kati ya aina hizi mbili. Na iko safu nyingine ya ndege mbuai asiyetambulika kabisa. Mhesabuji anaruhusiwa, au tuseme anatakiwa, kuandika kwamba alimwona ndege na hakumjua. Hilo halihesabiki kuwa ni uzembe, bali ni sehemu ya hesabu sahihi, kwa sababu atakayesoma daftari lile baada ya miaka ishirini atajua mipaka ya macho yaliyoliandika.

Hiyo, ndugu zangu, ndiyo Suratul Israa, aya ya 36, ikitembea kilimani. Tumekatazwa kufuata tusiyo na elimu nayo, na tukaambiwa kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Wengi tumeizoea aya hii katika mambo ya kusengenya na uvumi wa simu. Lakini macho yataulizwa pia kuhusu namba. Ulisema uliona mia moja. Je, uliziona?

Hapa niseme wazi, kwa kuwa gazeti hili linasomwa na wanafunzi, na tunajuana. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana hojaji mia moja za utafiti. Amezipeleka soko la Owino, watu thelathini wamejibu, jua ni kali, pesa ya usafiri imekwisha. Sabini zilizobaki anazijaza mwenyewe usiku hosteli, akibadilisha kalamu na mwandiko ili zifanane na za watu. Baadaye anachora jedwali, anatoa asilimia, na katika ukurasa wa shukrani anaanza kwa kumshukuru Allah. Mwingine yuko wodini katika mafunzo ya uuguzi; amechoka, na wagonjwa wote wa safu ile wanaandikiwa shinikizo la damu la 120 kwa 80. Mwingine anasaini karatasi ya mahudhurio kwa ajili ya wenzake wanne na anaona amefanya ihsani. Hawa si watu waovu. Huwaona swala ya Alfajiri katika safu ya kwanza. Tatizo ni kwamba wamejifunza kuwa uongo ni maneno, na hawajawahi kuambiwa kuwa namba nayo ni ushahidi, na kwamba ushahidi wa uongo ameutaja Mtume (S.A.W.) pamoja na madhambi makubwa kabisa, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim.

Thelathini za kweli ni utafiti mdogo. Nenda kwa msimamizi wako na karatasi zako thelathini, mwambie ndizo nilizopata. Huenda akakurudisha sokoni, huenda akakukubalia ukaeleza upungufu katika sura ya mbinu za utafiti. Safu ile ya ndege asiyetambulika ipo hata katika tasnifu. Ni sisi tu tunaoona haya kuitumia.

Mtu anaweza kusema: lakini nani ataisoma tasnifu yangu? Itakaa maktaba ipigwe na vumbi. Basi nikusimulie kisa kingine cha hesabu ya ndege, hiki kimetokea Marekani.

Katika jimbo la Pennsylvania kuna mlima uitwao Hawk Mountain, nao pia uko juu ya njia ya ndege mbuai wanaohama. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu walikuwa wakiupanda kila msimu kuwapiga risasi mwewe kwa mchezo, mizoga ikabaki imetapakaa chini. Mwaka 1934 mwanamke aitwaye Rosalie Edge akaukodi mlima wenyewe, akamwajiri Maurice Broun aulinde pamoja na mkewe Irma. Bunduki zikanyamaza. Na kwa kuwa Broun alikuwa pale mlimani kutwa, akaanza kuwahesabu ndege waliopita, msimu baada ya msimu, akitenganisha wakubwa na wachanga kila alipoweza. Hakuna aliyejua hesabu ile ingefaa nini. Alikuwa akiandika alichokiona, basi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia dawa ya DDT ikaanza kumwagwa mashambani kwa wingi. Tai mwenye kichwa cheupe, ambaye ndiye nembo ya taifa la Marekani, alikuwa bado akionekana angani, na anayetazama tu angesema mambo ni shwari. Lakini daftari la Broun lilikuwa na kitu ambacho mtazamaji hakioni: miongoni mwa tai waliopita, fungu la wachanga lilikuwa limepungua sana kuliko miaka ya 1930. Wazee walikuwepo na watoto walikuwa hawazaliwi. Rachel Carson alipoandika kitabu chake Silent Spring, kilichotoka mwaka 1962, hesabu za mlima ule zilikuwa miongoni mwa ushahidi wake. Ikaja kuthibitika kwamba sumu ile iliyafanya maganda ya mayai kuwa membamba hata yakavunjika kiotani. Marekani ikaipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972, na mwaka 2007 tai yule akaondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Sasa fikiria Broun angekuwa kama sisi. Siku ya ukungu na baridi, abaki nyumbani akinywa chai, jioni aandike namba inayofanana na ya jana. Nani angemjua? Hakuna. Na miaka ishirini baadaye, ushahidi ungehitajika, kungekuwa na daftari zuri lililojaa namba na lisilo na habari yoyote ndani yake.

Watu hawa hawakuwa Waislamu. Hilo lisituzuie kujifunza kwao, na wala tusifurahi haraka kwamba dini yetu ilisema kabla. Ilisema, ni kweli. Je, sisi tulisikia?

Maana Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliagiza kuhesabu. Hudhaifa (R.A.) anapokea kwamba aliwaamrisha masahaba wamhesabie idadi ya waliotamka Uislamu. Katika mapokezi ya Bukhari aliwataka wamwandikie, na idadi ikawa wanaume 1,500. Katika ya Muslim neno lililotumika ni la ihswaa, na idadi iliyotajwa ni kati ya 600 na 700. Wanazuoni wameeleza tofauti ya idadi hizi kwa njia kadhaa, na mimi napenda kuona kwamba wapokezi hawakuzilinganisha kwa nguvu ili zipendeze. Kila mmoja aliifikisha namba aliyoipokea. Hilo nalo ni somo la utafiti.

Neno hilo ihswaa lina uzito. Ndilo linalotumika katika Suratul Jinn, aya ya 28, kwamba Allah amekidhibiti kila kitu kwa idadi, na katika Suratu Maryam, aya ya 94, kuhusu waja wote kudhibitiwa na kuhesabiwa sawasawa. Ndilo pia lililo katika hadithi ya majina tisini na tisa, kwamba atakayeyadhibiti ataingia Peponi. Wanazuoni wakasema makusudio si kuyataja tu kwa mdomo, bali kuyahifadhi, kuyafahamu na kuyafanyia kazi. Kwa hiyo ihswaa ni kuhesabu kunakoambatana na kujua na kuchunga. Ipo hesabu nyingine katika Qur'ani, ya yule wa Suratul Humaza anayekusanya mali na kuihesabu-hesabu akidhani itambakisha milele. Mkono unaohesabu ni ule ule, na kinachotofautiana ni unachohesabia. Anayehesabu mwewe pale Sakhalvasho hapati hata unyoya mmoja wa kile anachokihesabu. Ndege akishapita mstari, amekwenda zake.

Turudi Adjara kidogo, kwani kuna jambo la fiqhi. Katika vijiji vilivyo chini ya njia ile kuna desturi ya siku nyingi ya kuwapiga risasi ndege wapitao, wengine kwa mchezo na wengine wakawala. Kwa Waislamu wa huko, ambao kwa asili ni wa madhehebu ya Hanafi, na kwetu Mashafii pia, nyama hiyo haifai: Ibn Abbas (R.A.) amepokea katika Muslim katazo la kila ndege mwenye kucha za kuwindia. Wamaliki wana kauli nyepesi zaidi katika kula, na tuiheshimu. Lakini kuwapiga kwa mchezo hakuna madhehebu yanayoweza kukutetea. Ibn Umar (R.A.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale, aliwaambia kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Hadithi iko Bukhari na Muslim.

Desturi ya pili ya Adjara ni nzuri zaidi kuisimulia. Wapo wafugaji wa ndege wa kuwindia ambao humnasa kipanga mdogo, wakamfundisha kwa siku chache, wakawinda naye kware wanaopita msimu huo huo, na kwa desturi msimu ukiisha humwachia aendelee na safari yake. Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la wanyama na ndege waliofundishwa, likitajiwa jina la Allah. Ndiyo kusema uhusiano wa Mwislamu na ndege mbuai ni wa zamani na una adabu zake. Waendeshaji wa hesabu nao hawakuja na kelele za kuwatukana wanakijiji. Wageni wanaokuja kutazama ndege hulala katika nyumba za watu wa Sakhalvasho na hula chakula chao kwa malipo, na mwenye nyumba anaona kwamba mwewe aliye hai anamletea riziki mwaka hadi mwaka. Ni da'wa yenye hekima, na afadhali kamati zetu za da'wa ziitazame.

Wakishapita Batumi, ndege huendelea Uturuki na Shamu. Wengine huingia Afrika kwa njia ya Suez. Wengine hushuka Bara Arabu na kuvuka mlango wa Bab el Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, mahali ambapo bahari ni nyembamba. Kutoka Batumi hadi Kampala, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 4,500, nao hawaendi kwa mstari ulionyooka. Mwewe mla nyigu hukaa katika misitu ya Afrika, na Kongo na Uganda zimo. Shakivale wengi hupita juu ya nchi zetu na kushuka hadi Afrika ya Kusini.

Na kuhusu mwewe mla nyigu kuna jambo la kumfanya mtu aseme Subhaanallah bila kulazimishwa. Wakubwa hutangulia. Vijana waliozaliwa mwaka huo huo hubaki nyuma yapata wiki mbili, kisha huanza safari bila baba wala mama. Hawajawahi kuiona Afrika. Baadhi yao wamefungwa vifaa vidogo vinavyofuatiliwa kwa setilaiti, na imeonekana kwamba njia zao ni za moja kwa moja kuelekea kusini kuliko za wazazi wao, hata wakathubutu kuvuka maji ambayo wakubwa huyazunguka, wengine hawafiki. Suratul An'am, aya ya 38, imewaita ndege ni umma kama sisi. Nami ninapowaona wanafunzi wapya wakishuka kwenye basi kila Agosti, sanduku kichwani, wametoka Arua au Kasese au Bugiri, wa kwanza katika ukoo wao kukanyaga chuo kikuu, nawakumbuka vijana wale wa Batumi.

Na hapo swali la Nabii Sulaiman linatuhusu kwa njia ya pili. Jumuiya yetu hujua kuhesabu. Tunahesabu sahani za futari, tunahesabu viti vya kongamano, tunaandika katika ripoti kwamba wamehudhuria mia tatu na tunapiga takbiri. Lakini tafaqqada je? Yupi alikuwa akiswali nasi muhula uliopita na sasa haonekani? Huenda hakulipa ada akafungiwa mtihani. Huenda amefiwa. Huenda yuko chumbani, mzima wa mwili, na moyo umemwelemea, na hakuna aliyegonga mlango wake. Mtume (S.A.W.) alimkosa mtu aliyekuwa akisafisha msikiti, ambaye wengi hawakumtilia maanani, akauliza, akaambiwa amefariki, akalaumu kwamba hakujulishwa, akaenda kuswali kaburini pake. Mwenye umma wote mabegani alimkosa mfagiaji mmoja. Sisi tunao mia tatu tu.

Napendekeza kwa viongozi wa jumuiya jambo dogo. Daftari la mahudhurio ya darsa libaki, ila kila Alhamisi mtu mmoja akae nalo robo saa, asitazame waliokuja. Atazame waliokuwa wakija. Majina mawili au matatu yatoke, na kabla ya Ijumaa wapigiwe simu au watembelewe. Dada wawapitie dada, kaka wawapitie kaka.

Kuhusu kifaa: wahesabuji wa Batumi hushika mkononi kidude cha kubonyeza chenye namba, kile kile mnachokiona kikiuzwa karibu na misikiti mjini kwa ajili ya tasbihi. Mtume (S.A.W.) aliwaambia wanawake wa Kiislamu, katika hadithi ya Yusaira (R.A.) iliyo katika Abu Dawud na Tirmidhi, wahesabu tasbihi kwa ncha za vidole, kwa kuwa vidole vitaulizwa na vitatamkishwa. Kidole gumba kilichobonyeza kwa ndege aliyepita, na kilichobonyeza kwa ndege ambaye hakupita, vyote vina zamu yao ya kusema.

Kwa wanaotaka kutazama wenyewe: yule mwewe wa kila siku anayenyakua nyama kwenye majalala ya Kampala, kamunye kama Waganda wanavyomwita hadi wakawapa jina hilo matatu zao, huyo tunakaa naye sehemu kubwa ya mwaka, na mkia wake una mwanya kama wa samaki. Msimchanganye na wageni. Kuanzia Oktoba tazama juu baina ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ardhi ikishapata moto, hasa siku inayofuata mvua. Ukiona ndege wa mwili mnene, mkia mfupi wa duara, mbawa pana, wanazunguka kimya bila kupiga mbawa na kisha wanateleza kuelekea kusini mmoja mmoja, yaelekea ni shakivale. Usiwahesabu wakiwa wanazunguka. Ngoja watoke. Andika tarehe, saa, mahali na idadi, na usiyemtambua mwandike hivyo hivyo, kwamba hukumtambua. Adhuhuri ikiingia, weka daftari chini uswali kwa jamaa. Safu ya saa hiyo iache wazi, uandike pembeni kwamba hukuwepo.

Wabillahi tawfiq.